Ukosefu wa ajira umeshuka, mbona mimi bado sina kazi?

*"Mtaalamu, naomba unisaidie kumaliza ubishi. Ripoti mpya inasema ukosefu wa ajira nchini umeshuka kwa mwaka wa pili mfululizo. Shemeji yangu anasema huo ni ushahidi kwamba uchumi umepona, na anayekosa kazi sasa hivi ni mvivu tu. Kaka yangu anasema takwimu zote hizo zimepikwa. Mimi nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita, fani ya uhasibu. Nilituma maombi mpaka nikachoka, na sasa ni miezi kadhaa sijatuma tena. Siku mbili tatu kwa wiki namsaidia dada yangu kwenye biashara yake. Hanilipi, ila nakula na kulala kwake. Naomba kujua: mimi nimehesabiwa wapi? Kiwango kikishuka, kweli hali imekuwa bora? Na je, niondoke kwa dada nikatafute upya mjini kwa akiba kidogo niliyo nayo, kwa kuwa wanasema kazi sasa zinapatikana?"*

Nianze na hiyo tuhuma ya uvivu, maana ndiyo inayoumiza na ndiyo nyepesi kuiondoa. Hakuna takwimu ya ukosefu wa ajira, popote duniani, inayopima bidii ya mtu. Shemeji yako amechukua namba inayohusu mamilioni ya watu akaigeuza hukumu kwa mtu mmoja anayemfahamu, na namba hiyo haina uwezo wa kutoa hukumu ya namna hiyo. Kaka yako naye amepotoka kwa upande wa pili. Kwa kawaida takwimu hizi hazipikwi. Zinajibu kwa uaminifu swali finyu kuliko lile tunalodhani limeulizwa, na ubishi mwingi wa nyumbani na wa kisiasa unaanzia hapo.

Sasa wewe umehesabiwa wapi. Wengi huamini kwamba serikali inahesabu watu waliojiandikisha kwenye ofisi za kazi, au kwamba kila asiye na mshahara anaingia kwenye hesabu. Zipo nchi zinazotangaza idadi ya waliojiandikisha, Ujerumani ni mojawapo, lakini kiwango kinacholinganishwa kati ya nchi na nchi hutokana na utafiti wa nguvukazi. Watakwimu huchagua sampuli ya kaya, wahoji huzitembelea au kuzipigia simu, na kila mtu wa umri wa kufanya kazi huulizwa maswali yaleyale. Majibu yake humweka kwenye kundi moja kati ya matatu: mwenye kazi, asiye na ajira, au aliye nje ya nguvukazi, yaani hana kazi wala hahesabiwi kuwa anatafuta.

Kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani, ILO, mtu huitwa asiye na ajira pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja. Awe hakufanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki inayoulizwa. Awe amechukua hatua ya kutafuta kazi ndani ya wiki nne hivi zilizopita. Na awe tayari kuanza mara kazi ikipatikana. Sharti moja likikosekana, anatoka kwenye kundi hilo. Kutamani kazi peke yake hakutoshi.

Jitazame basi. Anayesaidia biashara ya ndugu anayeishi naye, hata bila mshahara, huhesabiwa kuwa ana kazi, kwa sababu biashara ile inaingizia kaya kipato na mkono wake umo. Mhoji akibisha hodi kwa dada yako wiki hii, kuna uwezekano mkubwa utaandikwa mwenye kazi. Ukiacha kumsaidia dada na ukaendelea kukaa bila kutuma maombi, utaandikwa nje ya nguvukazi, kundi moja na mstaafu. Kwa vyovyote vile humo kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira. Ulikuwamo zamani, ulipokuwa ukituma maombi kila wiki na kurudishwa. Ulipochoka ukanyamaza, ulitoka, na kutoka kwako kulikuwa sehemu ndogo ya kule kushuka anakokusifia shemeji yako. Najua hili si jambo la kufurahisha kulisoma, lakini ni afadhali ulijue kuliko kuendelea kujiuliza mbona hadithi ya taifa haifanani na yako.

Utauliza: hiyo saa moja nayo imetoka wapi? Mtu anawezaje kuitwa mwenye kazi kwa saa moja kwa wiki? Kigezo hicho kina sababu, na sababu yake si kupamba sura ya serikali. Watakwimu wanataka kuhesabu nguvu yote ya kazi iliyoingia katika kuzalisha pato la taifa, hata ile kidogo, ili hesabu za kazi na hesabu za uzalishaji zioane. Saa moja ni mstari wa kuingilia tu. Baada ya hapo dodoso huendelea kuuliza umefanya saa ngapi, ungependa kuongeza saa, unalipwa namna gani, una mkataba au huna. Majibu hayo yote huchapishwa. Tatizo ni kwamba yanakaa kwenye jedwali la ukurasa wa 40, na taarifa ya habari inasoma ukurasa wa kwanza.

Mimi naona kigezo hicho kinafaa kwa kazi iliyokusudiwa, na kinapotosha kikibebeshwa kazi nyingine. Katika nchi yenye malipo ya serikali kwa asiye na kazi, mtu anaweza kukaa miezi akitafuta kazi inayomfaa, na ataonekana kwenye hesabu. Pasipo na malipo hayo, asiye na akiba hawezi kumudu kukaa bila kufanya chochote. Atauza vitu vidogo vidogo, atalima kibarua, atasaidia ndugu, na jina lake litaingia kwenye kundi la wenye kazi. Ndiyo maana nchi nyingi maskini zina kiwango cha chini cha ukosefu wa ajira, chini ya asilimia 5, kuliko baadhi ya nchi zenye kipato kikubwa mara nyingi zaidi. Huko umaskini haujifichi kwenye kundi la wasio na ajira. Umo ndani ya kundi la wenye kazi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kiwango ni sehemu: juu kuna wanaotafuta kazi bila kupata, chini kuna hao pamoja na wenye kazi. Mtu hutoka kwenye ile sehemu ya juu kwa kupita mlango mmoja kati ya miwili. Ama amepata kazi, ama ameacha kutafuta. Kiwango hushuka kwa vyovyote vile, na namba yenyewe haisemi ni mlango upi uliotumika.

Chukua watu 1,000 wa umri wa kufanya kazi. Tuseme 540 wana kazi, 60 wanatafuta, na 400 wako nje ya nguvukazi. Nguvukazi ni 600, kwa hiyo kiwango ni asilimia 10. Watu 15 kati ya wale 60 wakikata tamaa, wanaotafuta wanabaki 45 na nguvukazi inakuwa 585. Kiwango kinashuka hadi asilimia 7.7, na hakuna hata kazi moja iliyoongezeka. Badala yake, wale 15 wakiajiriwa, kiwango kinashuka hadi asilimia 7.5. Tazama jinsi namba hizo mbili zilivyokaribiana, na jinsi maisha yaliyo nyuma yake yalivyo mbali.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huisahau, nami naiona muhimu kuliko zote kwa mtu kama wewe. Tuseme kazi zimeanza kupatikana kweli, watu 15 wameajiriwa, na habari zimeenea mpaka watu 40 waliokuwa wamekata tamaa wakarudi kutafuta. Wenye kazi sasa ni 555, wanaotafuta ni 85, nguvukazi ni 640. Kiwango kimepanda hadi asilimia 13.3. Magazeti yataandika kwamba hali imekuwa mbaya, wakati imekuwa bora. Kwa hiyo shemeji yako asifurahie kila kushuka, na kaka yako asiomboleze kila kupanda.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Marekani baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, kiwango kilifika asilimia 10 Oktoba 2009, kisha kikashuka mwaka baada ya mwaka hadi karibu asilimia 5 mwishoni mwa 2015. Katika miaka hiyohiyo, sehemu ya watu wazima waliokuwa kazini au wakitafuta kazi ilishuka kutoka asilimia 66 hivi hadi chini kidogo ya 63. Sehemu ya kushuka huko ilikuwa uzee: kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya vita kilikuwa kinastaafu. Sehemu nyingine ilikuwa watu waliochoka. Wachumi walizitenganisha sehemu hizo mbili kwa kutazama watu wa miaka 25 hadi 54 peke yao, ambao kwa kawaida si wanafunzi wala wastaafu. Kabla ya msukosuko, karibu 80 kati ya kila 100 wa umri huo walikuwa na kazi. Baada yake walishuka chini ya 75, na kupanda tena kulichukua muda mrefu: hadi 2019 ndipo walipovuka 80. Aliyesema mwaka 2012 kwamba kushuka kwa kiwango kulikuwa kunaonyesha unafuu mkubwa kuliko uliokuwepo alikuwa na hoja nzito. Aliyeendelea kusema hivyo mwaka 2019 alikuwa amebaki nyuma ya ukweli. Mashaka nayo yanahitaji kupimwa upya kila ripoti mpya inapotoka.

Nigeria inatufundisha jambo lingine. Robo ya mwisho ya 2020 ofisi yao ya takwimu ilitangaza asilimia 33.3. Robo ya kwanza ya 2023 ikatangaza asilimia 4.1. Hakuna uchumi unaopona namna hiyo katika miaka miwili na ushei. Kilichobadilika ni kipimo. Zamani mtu aliyefanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki alihesabiwa hana ajira. Katika utaratibu mpya saa moja inatosha, kama ILO inavyoelekeza. Wapo waliopiga kelele kwamba ni udanganyifu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ripoti hiyohiyo ilieleza mabadiliko waziwazi na ikaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wenye kazi walikuwa kwenye ajira isiyo rasmi. Kosa liko kwa anayeweka 33.3 na 4.1 kwenye sentensi moja kana kwamba zimepimwa kwa rula moja.

China nayo ilitangaza kwamba Juni 2023 vijana wa miaka 16 hadi 24 wasio na ajira mijini walifikia asilimia 21.3. Agosti ikasimamisha kutoa takwimu hiyo. Iliporudi ilionyesha asilimia 14.9 kwa Desemba 2023, lakini wanafunzi walikuwa wameondolewa kwenye hesabu. Kuna hoja ya kitaalamu ya kuwaondoa wanafunzi, na siipuuzi. Ila kubadilisha kipimo wakati namba ni mbaya huacha wananchi na shaka ambayo haiondoki upesi, na hapo namwelewa kaka yako.

Afrika Kusini inafanya jambo ambalo natamani lingeenea: inachapisha viwango viwili sambamba. Mwishoni mwa 2021 kiwango rasmi kilikuwa asilimia 35.3. Kile kipana, kinachowajumuisha wanaotaka kazi lakini wameacha kutafuta, kilikuwa asilimia 46.2. Pengo kati ya namba hizo mbili ndimo waliko watu wenye hali inayokaribiana na yako.

Uhamiaji nao una nafasi yake. Latvia, nchi ndogo ya Ulaya, baada ya 2009 watu wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi Uingereza, Ireland na kwingineko, na aliyeondoka haulizwi na mhoji wa nyumbani. Sehemu ya kushuka kwa kiwango huko ilipanda ndege.

Basi ukitaka kumaliza ubishi, acheni kubishania namba ya kwanza. Tafuteni ripoti kamili ya utafiti wa nguvukazi, ambayo ofisi nyingi za takwimu huiweka mtandaoni bure, mtazame mambo machache ndani yake. La kwanza, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni sehemu ya watu wa umri wa kufanya kazi walio na kazi. Kipimo hiki hakidanganywi na waliokata tamaa, kwa sababu aliyekata tamaa anabaki kwenye jumla tunayogawia. Kiwango cha ukosefu wa ajira kikishuka na sehemu hii ikapanda, shemeji yako ana haki ya kufurahi. Kiwango kikishuka na sehemu hii ikasimama au ikashuka, watu wametokea mlango wa pili.

Kisha mtazame ni kazi za namna gani. Je, walioongezeka ni walioajiriwa kwa mshahara, au ni wanaosaidia familia bila malipo na wanaojiajiri kwa kukosa njia nyingine? Saa za kazi je? Wangapi wanasema wangependa saa zaidi? Na mishahara, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, imepanda? Waajiri wanapogombania wafanyakazi, mishahara halisi huanza kusogea, ingawa kwa kuchelewa. Ikiwa ajira inasemekana imejaa na mishahara halisi inashuka mwaka hadi mwaka, kuna jambo halijakaa sawa.

Mwangalie pia ukubwa wa badiliko. Sampuli ni sampuli. Marekani huhoji kaya takribani 60,000 kila mwezi, na hata hapo badiliko la mwezi mmoja lisilofika 0.2, mathalani kutoka asilimia 4.2 hadi 4.1, linaweza kuwa bahati ya sampuli tu. Penye sampuli ndogo, mashaka ni makubwa zaidi. Watu wakikataa kujibu nayo ni shida: Uingereza ilibidi isimamishe kwa muda takwimu zake kuu za utafiti wa nguvukazi Oktoba 2023 kwa sababu waliojibu walikuwa wamepungua mno. Na msilinganishe robo ya mavuno na robo isiyo ya mavuno. Linganisheni robo na robo ileile ya mwaka uliopita. Ukiona maelezo kwamba tafsiri ya ajira imebadilishwa, kwa mfano nchi ikianza kufuata azimio la watakwimu wa kazi la 2013 ambalo linamtoa anayelima kwa chakula chake mwenyewe kwenye kundi la wenye ajira, usilinganishe kabisa na miaka ya nyuma mpaka ofisi itoe mfululizo uliorekebishwa.

Kwako umesema ni mwaka wa pili mfululizo. Hilo lina uzito. Kushuka kwa miaka miwili kwa kipimo kilekile si bahati ya sampuli, na sitaki utoke hapa ukidhani kila habari njema ni hila. Inawezekana kabisa uchumi unapata nafuu na wewe hujafikiwa. Nafuu haigawanywi sawa: ujenzi unaweza kuajiri sana wakati ofisi za uhasibu zimefunga milango, na vijana wanaoingia mara ya kwanza kwa kawaida hukaa nje muda mrefu kuliko wenye uzoefu.

Kwa hiyo kuhusu safari ya mjini, usiipange kwa kutegemea kiwango cha taifa. Hakijui uhasibu, hakijui mji unaoufikiria, wala hakijui akiba yako. Kabla ya kutumia hata senti moja ya akiba hiyo, tumia wiki chache ukiwa hapo hapo kwa dada kusoma matangazo ya kazi za fani yako katika mji huo: ni mangapi, yanataka uzoefu wa miaka mingapi, yanataka programu gani za hesabu, yanarudiwa au ni yaleyale. Zungumza na wawili watatu mliosoma nao walioajiriwa karibuni, uwaulize walipataje na walisubiri muda gani. Matangazo yakiwa machache na yote yanataka uzoefu, kuhama kutamaliza akiba kabla ya kuleta kazi, na ningekushauri utume maombi ukiwa ulipo. Ukiitwa kwenye usaili zaidi ya mara moja, hapo safari ina msingi, na uende na mpango wa siku utakayorudi ikishindikana.

Kubaki kwa dada nako kuna gharama yake, nisiifiche. Kila mwezi unaopita bila uzoefu wa fani unafanya maelezo yako kwa mwajiri yawe magumu zaidi. Mwombe dada akukabidhi vitabu vya hesabu za biashara yake: mauzo, manunuzi, madeni, kodi. Akikubali, una jambo la kweli la kuandika kwenye wasifu wako, na yeye ana mhasibu. Hata kama hawezi kulipa mshahara, zungumzeni kiasi kidogo cha malipo na siku zinazobaki huru kwa ajili ya kutafuta kazi.

Nenda pia ana kwa ana kwenye ofisi ya kazi au kituo cha ajira kilicho karibu, na kwenye kitengo cha ushauri wa kazi cha chuo ulichosoma, kwa kuwa vyuo vingi huwahudumia hata waliomaliza. Chama cha wahasibu nacho mara nyingi hujua nafasi za mafunzo kazini kabla hazijatangazwa. Uliza kama kuna mitihani ya kitaaluma unayoweza kuanza kwa hatua, na kama kuna ruzuku ya ada. Usikopeshwe fedha kwa ajili ya kumlipa wakala anayeahidi kazi. Akitokea anayedai malipo kabla ya kazi, waulize kwanza watu wa ofisi ya kazi kumhusu.

Na uliposema ulichoka, sikuliacha lipite. Kama uchovu huo umefika mahali usingizi umepotea, hamu ya chakula imeondoka, au unajiona huna thamani, hilo si la kushauriana na mchumi. Muone mhudumu wa afya wiki hii, uende na dada kama kwenda peke yako kunakuwa kuzito.